Mashine ya Mume Wangu, Jicho la Kaka

Jumatatu, 3 Machi

Wamepigana tena! Maabarani, mbele ya mkuu wetu. Kaka yangu kamkaba mume wangu kola, kambamiza ukutani. Sababu ni ile programu. Mume wangu kaiandika ili leza, ile mashine yetu ya mwali mkali wa mwanga, ijirekebishe yenyewe: mwanga ukififia, mota ndogo zinageuza vioo mpaka urudi. Kazi hiyo kaka amekuwa akiifanya kwa vidole vyake, skrubu kwa skrubu. Kasema hatageuzwa mlinzi wa kompyuta. Mume wangu, damu puani, anacheka — zoea tu, shemeji. Nilitamani kuwazaba vibao wote wawili.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwambia mume wangu aweke swichi ya kuzima mota pale mezani, karibu na mkono wa kaka. Kwa sasa zinazimiwa chumba cha pili tu. Kasema nampendelea ndugu yangu. Kavunja sahani. Sikuokota hata kipande.

Alhamisi, 6 Machi

Jicho. La kushoto.

Kaka aliweka kadi kwenye njia ya mwanga, aone doa la mwanga limekaa wapi. Mazoea. Akainua kidogo miwani ya kukinga macho, maana ukiivaa doa halionekani. Lakini programu ilipoona mwanga umezibwa, ilidhani umepotea. Ikaanza kuutafuta! Vioo vikageuka, mwali ukaruka juu ya kadi, ukampiga jichoni. Yowe lile! Akaanguka na kiti, kajishika uso. Daktari anasema jicho hilo halitaona tena.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempiga mume wangu. Kofi, kisha ngumi. Alikuwa anamweleza mkuu kwamba programu haina kosa, mwanga ulirudi upesi kuliko siku zote. Ulirudi! Kanisukuma, nikagonga meza. Mbavu zinauma nikipumua.

Jumapili, 9 Machi

Kaka katoroka hospitali. Yuko nje ya nyumba yetu na spana kubwa. Keshavunja dirisha la jikoni, nondo zimemzuia. Sasa anaupiga mlango huu. Mume wangu yuko nyuma ya kabati na kisu. Jana nilimsihi akaombe radhi. Kaniuliza, radhi ya nini?

Nimekaa sakafuni, mgongo mlangoni, naandika ili mikono itulie. Komeo limeng'oka. Kinachozuia mlango ni mimi.

Kaka kaacha kupiga. Anasema, dada, sina ugomvi na wewe, sogea.

Mume wangu ananong'ona nikaze, kosa ni la aliyeinua miwani.

Nasogea.