Ganda la Chungwa Lisilokuwamo

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la fundi saa,
Jumanne, tarehe 3 Desemba,
mwaka wa arobaini na moja tangu niondoke nyumbani.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Nakusalimu kwa mapenzi yale yale, na natumai barua hii itakukuta mzima. Vipi lile jino? Katika barua yako umelitaja mara tatu, na mumeo mara moja tu, kwa hiyo naanza na jino. Shemeji naye mgongo unamwendeaje? Wajukuu wameshazoea shule mpya? Mimi sijambo. Magoti yananigomea asubuhi, lakini yakishapata joto yanakubali kazi. Macho bado yananitosha. Siku hizi navirudia vitabu nilivyovipenda ujanani, na nagundua kwamba sehemu nilizozikumbuka kwa moyo nyingine hazimo kabisa. Nilizitunga mwenyewe.

Barua yako ilifika wiki mbili zilizopita. Unasema binti yako, yule mpwa wangu fundi cherehani, amerudi nyumbani na watoto wake wawili baada ya kufiwa na mume, na wote watatu wanalala sebuleni. Cherehani imesogezwa hadi mlangoni, na kila anayeingia anaigonga kwa nyonga. Wakati huo chumba changu cha uani kimefungwa kufuli, kinanisubiri. Uliandika: "Kaka, sikufukuzi. Lakini sema neno moja, unakuja au huji? Na ukiniandikia tena 'mwakani', naapa nitaichana barua hapo hapo posta, watu wanione kichaa."

Nilicheka peke yangu. Kisha nikakumbuka kwamba jibu nilikuwa nimeshaanza kuliandika, liko mezani, na neno hilo limo katika mstari wa pili.

Nimelichana mimi kabla hujalichana wewe. Alhamisi iliyopita limenipata jambo, na nataka ulijue kabla sijakujibu. Linahusu chai.

Kazi iliyonilisha hapa unaijua, ingawa hukuwahi kuiamini. ("Mtu mzima analipwa kwa kunywa chai?" uliniandikia. "Basi na mimi nitafutie.") Mwonjaji hanywi, Chiriku. Vikombe vyeupe visivyo na mikono hupangwa mbele ya dirisha, majani hupimwa kwa mizani ndogo, maji hutiwa yakichemka, saa hutegwa dakika sita. Kisha unapita na kijiko, unaivuta chai kwa kelele ambazo Mama angekuzaba kofi kwa ajili yazo, unaizungusha mdomoni, unaitema kwenye ndoo, unasema maneno mawili na karani anayaandika daftarini. Unahamia kikombe kinachofuata. Nimefanya hivyo miaka thelathini, na nimestaafu miaka saba.

Kila mwisho wa mwaka kiwanda hutoa chai ya sikukuu: majani meusi yaliyochanganywa na mdalasini, karafuu, iliki na ganda la chungwa lililokaushwa. Mchanganyiko huo niliutunga mimi, katika mwaka wangu wa sita hapa. Nilisifiwa sana. Nilipoulizwa nimeutoa wapi nilisema ni majaribio tu. Haukuwa majaribio. Ilikuwa chai ya Mama, kama ulivyoizoea, kijiko kwa kijiko.

Sasa nikueleze kitu ambacho hukukiona, maana asubuhi ile wewe ulikuwa umekimbilia barabarani kulizuia gari lisiniache. Orodha ya watu waliotakiwa kuondoka nchini ilibandikwa ukutani siku mbili kabla, na jina langu lilikuwa la saba. Mama alikuwa amekaa chini anakaza vifungo vya koti langu. Maganda ya chungwa yalikuwa juu ya kifuniko cha jiko, kama kawaida yake, yakauke. Siku zote aliyageuza bila kuyatazama. Siku ile hakuyageuza. Harufu ndiyo iliyotushtua sote wawili.

Hakukuwa na mengine. Akayakwangua kwa kisu, akayatia ndani ya birika hivyo hivyo yakiwa meusi pembeni, akanimiminia. Akasimama karibu na dirisha amenipa mgongo. Akaniuliza, "Imeungua?" Nikasema haijaungua. Akasema, "Muongo wewe, kunywa." Nilikunywa nusu. Gari likapiga honi. Nikaweka kikombe mezani nikamwambia nitakuja kuimalizia.

Miaka mingi baadaye ukaniandikia, kama kichekesho, kwamba baada ya mimi kuondoka Mama alikifunika kikombe kimoja kwa kisahani akakiweka dirishani, na ole wake atakayekiosha, mpaka chai ikakauka yenyewe ikabaki duara jeusi. Uliniuliza kama najua ni kwa nini. Sikukujibu swali hilo. Pengine ulidhani barua ilipotea.

Basi Alhamisi. Mkuu wa kuchanganya chai siku hizi ni binti niliyemfundisha mwenyewe, sasa ana wafanyakazi tisa chini yake na bado ananiita Mwalimu. Alinipigia simu akaniomba nipite niionje chai ya sikukuu kabla haijapakiwa. Nilivaa shati jeupe, Chiriku. Sikula kitunguu siku mbili.

Mlinzi wa getini ni yule yule. Akanipigia kelele kutoka mbali, "Mzee, umekuja kurudisha vijiko vyetu?" Nikamwambia nimefuata vilivyobaki. Akaniandika kwenye kitabu cha wageni, na hapo paliniuma kidogo, kwa sababu zamani jina langu halikuandikwa popote pale getini, nilipita tu.

Vikombe sita vilikuwa vimepangwa. Waonjaji wawili vijana walisimama pembeni mikono nyuma, kama wanafunzi siku ya mtihani, na yule binti mwenyewe alishika daftari. Nikavuta kijiko cha kwanza. Mdalasini upo, karafuu imetulia, iliki iko mbali kidogo. Nikasema, "Ganda limeungua kidogo. Lakini lipite."

Hakuandika. Akasema, "Onja cha pili, Mwalimu." Cha pili nacho kilikuwa hivyo hivyo. Cha tatu pia. Kufikia cha nne nilishakasirika. Nikasema, "Mkaushaji wenu mwaka huu ni nani? Mwambieni anakausha maganda, hachomi matofali." Wale vijana walikuwa wanatazama viatu vyao.

Binti akawatuma waende kuleta maji. Tulipobaki wawili akafunga mlango, akaniambia polepole, "Mwalimu, mwaka huu hakuna ganda. Machungwa yaliharibika njiani, tukaweka tangawizi. Nilikuita uniambie kama pengo linaonekana."

Nikamwambia haiwezekani. Akanionyesha magunia, moja moja. Kisha, kwa kuwa nilimfundisha vizuri, akafanya ambacho ningefanya mimi: akachukua kikombe kisafi, akamimina maji ya moto matupu, akanisogezea.

Nikavuta. Na hapo, mdogo wangu, sikuwa tena katika chumba kile. Maganda yalikuwemo. Meusi pembeni, machungu, na ule moshi unaobaki nyuma ya ulimi. Na Mama alikuwa nyuma yangu. Sisemi nilimwona, mimi si mtu wa mambo hayo na uzee haujanifikisha huko. Nasema alikuwa nyuma yangu kama mtu anavyokuwa nyuma yako jikoni, unajua bila kugeuka, na alikuwa anasubiri niseme kama imeungua.

Nilimwambia yule binti kwamba maji ni maji. Katika miaka yote ile, huo ndio uongo wa kwanza niliousema kwa makusudi mbele ya vikombe. Akanijibu, "Sawa, Mwalimu," kwa sauti ile watu wanayoitumia na wagonjwa.

Nikaomba madaftari ya zamani. Alisita, kisha akayatoa kabatini. Kila chai huonjwa na watu watatu, na kila mmoja ana safu yake. Nikaanza na mwaka niliostaafu, nikarudi nyuma mmoja mmoja. Katika safu yangu, kila msimu wa sikukuu, kwa mwandiko wa makarani mbalimbali: ganda limeungua kidogo, lipite. Katika safu za wenzangu, miaka hiyo hiyo, vikombe hivyo hivyo: ganda safi. Ganda safi. Ganda zuri, limekauka vizuri.

Miaka yote niliwadharau wale wenzangu. Nilisema nyumbani kwangu, na nilisema hata mbele yao, kwamba ndimi zao ni za mbao. Mmoja nilimkosesha cheo kwa hilo, na ameshafariki. Ulimi uliokuwa na tatizo ulikuwa wangu.

Nimekaa na jambo hilo siku tano. Nimepika chai hapa chumbani, nimeikuta ladha ile. Nimekunywa maziwa, nimeikuta humo pia, kwa mbali. Sijaenda kwa daktari kuulizia, kwa sababu naogopa ataniponya.

Sasa nije kwenye swali lako, na tafadhali usome taratibu.

Wewe umewahi kuwaambia watu kwamba nilizuiwa kurudi. Ni kweli, kwa miaka kumi na sita. Kisha marufuku ikaondolewa. Ulinitumia kipande cha gazeti, nimekitunza. Mama aliishi miaka minne baada ya hapo. Katika miaka hiyo minne nilikuandikia "mwakani" mara nne, na mara zote sababu ilikuwa moja, msimu wa chai ya sikukuu, kwamba kiwanda hakiwezi kuniruhusu. Chiriku, sikuwahi kuomba ruhusa. Hata mara moja. Kiwanda kingenipa, na mkurugenzi wa wakati ule alishaniuliza mwenyewe kwa nini siendi nyumbani kwetu.

Sikuja kwa sababu niliogopa angenimiminia chai na kunipa mgongo. Sina sababu kubwa zaidi ya hiyo, nimeitafuta. Kila mwaka nilichanganya chai yake kwa ajili ya watu nisiowajua, nikaketi nikiionja, na nikajiambia kwamba hiyo inatosha kwa sasa. Alipokufa niliendelea na neno lile lile, ila sasa likawa kwako peke yako. Na wewe ukaendelea kuniwekea chumba.

Usijiulize kama ungenibembeleza zaidi ningekuja. Ulibembeleza vya kutosha. Wala sitaki kujificha nyuma ya magoti. Daktari alishaniambia naweza kusafiri. Nimejaribu kujiona nikiwa hapo kwako. Naingia uani, unaniandalia chai kwa mikono yako, umesimama hapo pembeni unasubiri kuona uso wangu. Nami nitaonja ganda lililoungua, na nitakuambia ni tamu, na wewe utajua, maana hujawahi kudanganyika na mimi tangu ukiwa na meno ya utoto. Asubuhi ya pili itakuwa hivyo, na ya tatu. Hapa nimezoea kuwa mgeni, watu hawanitazami sana. Kwenu ningekuwa mgeni ndani ya chumba changu mwenyewe, na mtoto analala sebuleni ili nipate nafasi ya kuwa hivyo.

Kwa hiyo fanya haya. Kata kufuli, ufunguo najua ulishapotea, ulikuwa unaogopa kuniambia. Sanduku la vitabu mpe yeyote anayependa kusoma, na kama hakuna, viuze kwa muuza karanga afungie karanga, sitaona vibaya. Kitanda kile kilikuwa na mguu mmoja mfupi, mwambie shemeji aupigie kipande cha ubao kabla watoto hawajapanda. Cherehani ikae chini ya dirisha la kushoto, ndilo lenye mwanga mzuri mpaka saa kumi. Na mpwa wangu asikiite "chumba cha mjomba". Akiite chake, tangu siku ya kwanza, na watoto wamsikie.

Utanikasirikia kuhusu Mama. Nikasirikie. Niandikie ukiwa umekasirika, usingoje hasira zipoe. Barua zako nitazisoma zote na nitajibu kila moja. Ninachokuomba ni kwamba usiache kuandika.

Nisalimie shemeji, umwambie mgongo hautaki ushujaa. Msalimie mpwa wangu na umpe pole yangu tena, maana pole ya simu ni fupi. Wabusu wale wajukuu wawili, mkubwa kwanza asije akanuna. Mama mdogo mfikishie salamu zangu sikioni, lile la kulia analosikia. Na yule jirani Mzee Redio, kama bado anatangaza habari za mtaa kabla hazijatokea, mwambie ya kwangu naiandika mwenyewe.

Mungu akupe afya, ailinde nyumba yenu na wote watakaolala ndani yake, na awape usingizi usio na deni la mtu.

Sitarudi, mdogo wangu. Si mwakani, wala mwaka wowote.

Ni mimi nikupendaye, jana na leo,
Kaka yako.