Duka Limeandikwa Nabintu

Nyamityobora, Mbarara
Uganda
Tarehe 24 Machi 2025

Mpendwa Shemeji Bonaventure,

Nakusalimu katika jina la Bwana, wewe na Mama Marthe na watoto wote. Baridi ya Winnipeg inasemaje? Grâce ameniambia theluji ya huko bado haijaisha, nikasema pole yao, watu wanaishi ndani ya friji. Na mgongo wako je? Acha kunyanyua makasha pale kazini kama kijana. Mwambie bosi wako umri umekwenda.

Sisi huku tu wazima. Grâce anaendelea na sekondari, na Elisée amepona malaria, ila sasa anakula kama anadai mtu. Mvua zimeanza, na njia ya kutoka Nakivale hadi Isingiro ni matope matupu.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu unanikata kabla sijamaliza sentensi, halafu unasema ni mtandao. Karatasi haina mtandao. Basi kaa chini, usome hadi mwisho.

Ulinitumia sauti ukasema duka langu la unga wa muhogo na samaki wa ndagala liandikwe jina la Byamungu, mdogo wako, kwa kuwa mjane hana duka, duka ni la ukoo. Shemeji, niliisikiliza mara tatu. Jibu langu ni hapana. Tena nimeshakwenda kuliandikisha, na maji yakimwagika hayazoleki.

Usiseme nimekosa adabu kabla hujasikia sababu. Tulipofika Kabazana kuandikishwa ukimbizi, Appolinaire wangu alikuwa ameshafariki, na Byamungu ndiye aliyesimama mbele yetu kwenye foleni. Karatasi ya familia ikamwandika yeye mkuu, mimi na watoto tukafuata chini yake. Shamba tulilogawiwa kambini Nakivale nalo likaifuata karatasi, kwa jina lake. Nililima shamba lile miaka sita, kwa mikono hii. Mwaka jana nilikwenda na jembe langu begani, nikakuta maharage ya mtu mwingine: Byamungu amelikodisha, hata kuniuliza hakuniuliza. Nilipokulilia, ulisema, "Vumilia, ni ndugu." Nilivumilia. Mara ya pili, sivumilii!

Sasa sikia mambo ya duka. Mwanzoni mwa mwezi huu watu wa halmashauri ya mji walipita hapa mtaani wakikagua leseni. Mmoja akasimama mlangoni kwangu.

"Mama, leseni iko wapi?"

"Iko njiani," nikamwambia.

"Mimi pia iko njiani. Ijumaa ya wiki ya kesho nakuja na kufuli."

Mzee Rwakabuba, mwenye nyumba, mtu wa roho nzuri kabisa, akajitolea tuandike jina lake yeye, yaishe. Nikamwambia asante mzee, jina ninalo.

Kesho yake nikaenda kwenye ofisi ya kusajili majina ya biashara. Byamungu akanifuata, eti mwanamke asiende peke yake. Nikafika kwenye meza, nikasema kwa sauti: "Nataka patente." Si unajua kwetu Bukavu, hata muuza karanga anaulizwa patente yake, ile leseni ya kuuzia? Wakanielekeza meza nyingine. Pale dada mmoja akaniuliza, "Mama, umevumbua nini?" Nikamwambia, unga. Unga gani mpya? Wa muhogo! Nikaanza kumweleza namna tunavyoloweka siku tatu, tunaanika, tunatwanga, naye anaandika, maskini, anaandika tu. Kumbe huku patente ni karatasi ya mtu aliyebuni kitu ambacho dunia haijakiona. Bibi zetu wangecheka hadi wadondoke. Nami nilicheka, lakini sikuondoka. Kuuliza si ujinga.

Wakanirudisha kwenye meza ya kwanza. Yule karani akauliza, "Mwenye biashara ni nani?" Byamungu akakohoa, akavuta shati, akasema, "Ni mimi."

Nikaliona tena lile shamba la maharage. Nikasema, "Hapana. Huyu ni shemeji yangu, amenisindikiza. Mwenye duka ni mimi," nikaweka kadi yangu ya mkimbizi juu ya meza. Niliogopa watasema kadi ile haifai. Karani akaigeuza, akanakili namba, akaniuliza nataka biashara iitwe nani. Ndivyo tu! Sheria ya hapa inamruhusu mkimbizi kufanya biashara, na sisi tumekaa miaka yote tukijificha kama wezi wa kuku.

Baada ya hapo ikaja namba ya kodi. Hiyo ni bure kabisa, ingawa nje kuna bwana mmoja mwenye kompyuta alitaka nimlipe. Nilimpa maneno tu. Wakanifundisha pia kuandika mauzo ya kila siku, maana huku mfanyabiashara mdogo mwenye daftari hutozwa kodi nafuu kuliko asiye nalo. Mtu wa afya naye akaja dukani kutafuta panya. Hakumwona hata mmoja, namshukuru Mungu, maana Jumapili iliyotangulia tu nilikuwa nimemuua mmoja. Leseni nikaipata Alhamisi.

Byamungu hasemi nami tangu siku ile. Kanisani anakaa upande wa pili. Unga wangu lakini anakula, anamtuma mkewe. Nimemwambia kazi ya kubeba magunia ipo, kwa mshahara wa kila mwezi. Bado amenuna.

Ijumaa yule bwana wa kufuli alikuja kweli. Wateja walikuwa wamejaa. Akaitazama leseni ukutani, akasoma polepole, akageuka: "Nani anaitwa Nabintu?"

Shemeji, nimeitwa mke wa Appolinaire, nikaitwa mjane wa Appolinaire, nikaitwa mtu wa nyumba ya Byamungu. Siku ile nilisahau hata kuitika. Grâce akanisukuma, akasema, "Mama, ni wewe."

Nisalimie Mama Marthe sana, na watoto kila mmoja kwa jina lake, na wifi yangu Mama Bénédicte mkiongea. Mungu awape nguvu na joto katika nchi hiyo. Ukinikasirikia, nikasirikie, ila jua kwamba nakuombea kila asubuhi kabla sijafungua mlango.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, tena asiyekuogopa,

Nabintu
Mwenye duka