Karatasi ya Seti ya Tano

4 Machi

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Mimi ni mzima wa mwili tu, mengine usiniulize.

Umenikataza kupiga simu mpaka nijifunze kuongea bila kupayuka, basi naandika. Najua binti yako amefika kwako na begi lake zima. Sikumfukuza. Nilimsema, ndiyo, kwani kocha analipwa kunyamaza?

Sikiliza ilivyokuwa. Mpira wa wavu, seti ya tano, ya mwisho. Tukishinda tunabaki daraja la kwanza. Tuko nyuma kwa pointi moja, zamu ya binti yako kuanzisha mpira ikafika. Akapiga mara tatu, na mara tatu wale wa upande wa pili wakabaki wanaangaliana. Ukumbi wote umesimama. Mara mwandishi wa pointi anapiga kengele: aliyeanzisha si zamu yake. Pointi zetu tatu zikafutwa, wao wakaongezewa moja. Tukafia hapo hapo. Mechi ya saba mfululizo, na daraja tumeshuka.

Nahodha mzima hajui zamu yake! Nilimwambia hivyo mbele ya watu, na ndiyo, wateuzi wa timu teule walikuwa wamekaa mstari wa mbele. Wakamkata jina. Na hilo nalo ni kosa langu?

Lakini anayeniuma kuliko wote ni Mungu. Nilifunga siku tatu, dada. Timu nzima niliipigisha magoti kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Sikuomba gari wala nyumba, niliomba seti moja!

Mwambie arudi mazoezini Jumatatu saa kumi. Nitamsamehe.

Mdogo wako


15 Machi

Mdogo wangu,

Barua nimeipata, ahsante kwa kutopayuka. Goti linauma ninapokanyaga cherehani, na kwa kuwa kushona ndiyo kazi yangu, linauma kutwa. Nyumbani wote wazima, isipokuwa mmoja ambaye hali vizuri.

Viatu vyake vya mchezo amempa msichana wa jirani. Kazi yake sasa ni kunipigia pasi nguo za wateja, kimya kimya. Nikikutaja wewe anasema, "Mjomba amechoka, mama, muache." Ndivyo anavyokutetea huyo unayetaka kumsamehe.

Na huyo Mungu unayemnunia, ulimfanya mchezaji wa akiba. Aingie mwishoni akuokolee seti, kisha arudi benchi. Na wale wa upande wa pili hawakuomba? Au wao wana Mungu wao?

Jumatatu haji. Nami nina swali moja tu. Umemfundisha tangu ana miaka tisa. Lini aliwahi kukosea zamu?

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Hujambo? Poleni na kazi. Huku hakuna jema.

Swali lako limeninyima raha wiki mbili. Hajawahi. Hata siku moja. Kwa hiyo nimepata jibu: waamuzi ndio waliokosea! Nimekiandikia chama cha mchezo malalamiko ya kurasa sita. Nimedai waniletee karatasi ya mpangilio. Kabla ya kila seti kocha anaandika namba sita kwenye kikaratasi, kwa utaratibu ambao wachezaji watasimama na kuanzisha mpira. Mwamuzi akishakipokea, hicho ndicho sheria. Mimi nimejaza vikaratasi hivyo miaka kumi na minane, nimejaza hata nikiwa na homa. Wakikileta, watanitambua.

Uongozi wa klabu nao umenipa barua yake: ahsante kwa utumishi wako. Mistari miwili, dada! Na Kipara, kocha aliyetufunga, ndiye mwenyekiti wa wateuzi. Lazima anachekea tumboni.

Kusali nimeacha. Usinihubirie.

Mdogo wako


29 Aprili

Mdogo wangu,

Sisi wazima. Wewe je? Wiki nne sijapata hata mstari. Malalamiko yako yamefikia wapi? Ukitaka kupiga simu, piga. Payuka ukitaka.

Dada yako


20 Mei

Dada mpendwa,

Nisamehe kwa kimya. Natumaini goti limepata nafuu. Mimi nipo.

Karatasi ililetwa tarehe kumi Aprili. Tisa, ambayo ni namba ya mpwa wangu, nimeiandika palipotakiwa namba nne, na nne nimeiandika palipotakiwa tisa. Ni mkono wangu. Wasichana walisimama kama nilivyowafundisha, mimi ndiye niliyewaandika vingine. Nimetafuta pa kuisukumia lawama: kalamu, kelele, njaa ya ile mifungo yangu mpaka kichwa kikawa chepesi. Sikupata.

Nikaenda kwa mwamuzi wa pili, ni fundi saa, nikamkuta dukani kwake. Nilimuuliza kwa nini siku ile hakunionyesha karatasi. Akasema, "Nilikuonyesha. Hukuitazama, ulikuwa unamfokea yule binti. Nikampa yeye, ndiye nahodha. Akaiangalia, akakuangalia wewe, akanirudishia. Akasema, sawa."

Sawa! Alijua, dada. Nikiwa namwita mjinga mbele ya ukumbi mzima, alikuwa ameshaona kosa ni langu, akanisitiri. Mtoto niliyemfunga kamba za viatu. Nilitamani fundi saa anizabe kofi.

Nilijaribu kusali. Kila nikifungua mdomo nakuta naomba kitu: isijulikane, kazi irudi, Kipara asisikie. Kumbe miaka yote hii nilikuwa nampangia Mungu timu. Siku ya nne nilisema neno moja tu, nimekosea, nikakaa nalo. Hakuna kilichotokea, usije ukadhani nilisikia sauti. Ila kesho yake niliweza kuvaa viatu na kwenda kwa Kipara.

Nilisimama mbele ya wateuzi watano nikawapa karatasi. Nikasema, nahodha hakukosea, niliyekosea ni mimi, na nilimsingizia. Mmoja alicheka. Kipara hakucheka, aliniuliza kama nataka maji ya kunywa. Afadhali angecheka. Wamemrudisha binti kwenye majaribio ya tarehe kumi na nne Juni.

Mweleze nilichofanya, neno kwa neno, usinipunguzie. Siku atakayokubali, nitakuja kumwomba radhi kwa mdomo wangu. Malalamiko nimeyafuta.

Na wewe, dada, ulijua?

Mdogo wako


1 Juni

Mdogo wangu,

Goti ni lile lile. Sisi wazima, na yule asiyekula sasa anakula.

Nilijua. Aliniambia siku aliyofika, akaniapisha. Alisema, "Mjomba akiambiwa atabisha. Aione mwenyewe." Mara mbili nilishika kalamu nikaiweka chini. Nisamehe na mimi.

Nimemsomea barua yako. Nilipomaliza akataka nirudie pale pa wateuzi watano. Nikarudia. Akatoka, akaenda kwa jirani kuomba viatu vyake.

Atakwenda majaribio. Lakini ameagiza uambiwe: usije. Si ndani ya ukumbi, si nje ya ukumbi. Hasira bado anayo, na mimi mama yake sitamwambia aiache. "Siku ile nilimpa mjomba heshima yote niliyokuwa nayo," alisema. "Safari hii nataka kucheza bila kumwangalia." Kuhusu radhi, hakusema kitu.

Usilazimishe. Matokeo nitakuandikia mara tu yakitoka.

Dada yako


23 Juni

Dada mpendwa,

Salamu kwenu wote. Pole na goti, jaribu kupumzika hata kama wateja watanuna.

Sikwenda. Saa nne, walipokuwa wanaanza, nilikaa ukingoni mwa kitanda na mikono haina pa kukaa. Nilitaka kuomba achaguliwe, nikajiuma ulimi. Nikasema, Mungu, kaa naye, achaguliwe asichaguliwe. Nilisema mara moja tu. Kisha nikafua soksi zote za nyumba hii, maana ningekaa bure ningetoka mbio kwenda ukumbini.

Barua yako ilifika Ijumaa. Niliijua kwa mwandiko. Sijaifungua.

Usikasirike. Najua umejitahidi kuiwahisha. Nami nateseka, sitakudanganya, siku tano nimeizunguka meza hii, na jana niliinua bahasha dirishani nikajionea aibu. Lakini tangu akiwa na miaka tisa, mimi ndiye wa kwanza kumwambia alivyocheza, kabla hata hajafuta jasho. Sikuwahi kumuuliza yeye. Safari hii nataka anieleze mwenyewe, siku atakayotaka. Asipotaka, sitajua, na nitaishi bila kujua.

Mwambie bahasha sijaifungua. Mwambie pia… hapana, basi. Mwambie hilo tu.

Mdogo wako