Choki ya Kuvuta, Choki ya Umeme

Jumamosi, 1 Julai 1995

Nimefumua tena injini ya gari. Kabureta ya zamani imekwisha, inavuja petroli kila upande. Gari linakohoa kutoka Kirumba hadi Pasiansi. Veronika anasema siku hizi hata mimi nakohoa. Mke wangu ana mdomo.

Mashindano ya magari ya Kisesa ni tarehe 16. Kulwa amejiandikisha. Nimeambiwa na mteja, si na yeye. Pacha wangu, tumelala tumbo moja, na habari zake naletewa na wateja. Basi na mimi nimejiandikisha. Nataka nimshinde mbele ya Kisesa nzima. Ya nini kuficha.

Jumatatu, 3 Julai

Makoroboi, kwa Mzee Salumu muuza spea. Tangu biashara ya nje ifunguliwe duka lake limekuwa Dubai ndogo. Shikamoo yangu hajaiitikia vizuri, keshaweka kabureta mbili mezani. Zote za midomo miwili, zote zinaingia kwenye kigari changu, zote zina nguvu.

Tofauti ni choki, kile kilango kinachobana hewa mdomoni ili injini baridi iwake. Moja ni ya kuvuta: kifundo kwenye dashibodi, unavuta asubuhi injini ikiwa baridi, unarudisha kidogo kidogo ikipata moto. Nyingine ni ya umeme. Hiyo huigusi. Injini ikilala inajifunga, ukiwasha swichi inajifungua yenyewe taratibu.

Nilishindwa kuchagua. Mimi, fundi. Mzee akacheka, akasema nichukue zote nilale nazo, moja nirudishe ikiwa safi.

Jumanne, 4 Julai

Kabureta ziko kwenye meza ya chakula. Veronika amezitandikia gazeti na amenuna. Tumekula jikoni.

Najua kwa nini sichagui. Marehemu baba alitufundisha kwenye lori la pamba, choki ya kuvuta. Kulwa akivuta, lori linawaka. Mimi nikivuta, plagi zinalowa, tunakaa tunasubiri zikauke. Baba alisema mguu wangu una pilipili, hauwezi kutulia juu ya pedali. Mkono wa Kulwa, alisema, unajua kusubiri. Alisema mbele ya makuli. Walicheka. Bado nawasikia.

Kulwa ataweka ya kuvuta, lazima. Nikiweka hiyo nitashindana na mkono wake. Nikiweka ya umeme, watasema Doto kaogopa.

Sikai nikatulia.

Alhamisi, 6 Julai

Nimefunga ya umeme. Watu waseme.

Limewaka mara moja. Nimekwenda hadi Buswelu na kurudi. Linavuta kama ng'ombe walioona maji. Niliimba njiani, peke yangu, kwa sauti. Kufika nyumbani furaha imekwisha. Sijui ilishukia wapi.

Jumamosi, 8 Julai

Asubuhi ya baridi, upepo wa ziwani. Nimewasha swichi, mara mteja akaja na maneno yake marefu. Tumeongea, swichi iko wazi. Nilipopiga stata, hakuna. Injini inazunguka tu, haishiki.

Nikafungua kuangalia. Choki imeshajifungua yote, na injini bado baridi kama mtungi. Kumbe umeme hauulizi injini imepata moto au bado. Ukishawasha swichi, wenyewe unaendelea na kazi yake.

Kwa hiyo ukiwasha, piga stata papo hapo. Lakini Kisesa kuna mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti ana hotuba kabla ya ishara ya kuwasha. Na mimi kwa wasiwasi nitawasha swichi mapema. Najijua.

Jumapili, 9 Julai

Kisesa kwa mama.

Mashindano yetu tumeyaiba kwenye ngoma. Kule Bujora, kwenye ngoma za Kisukuma, timu mbili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake, na watu wanahamia wanakovutiwa. Wenye watu wengi wameshinda. Sisi tumeweka magari, na mwaka huu ni mawili tu, langu na la Kulwa. Yanalala uwanjani. Asubuhi mwenyekiti anapitisha kiganja juu ya kila boneti kuhakikisha ni baridi, halafu kila mtu anawasha kwake na kuungurumisha. Hakuna mstari wa kumalizia. Kuna watu tu, wako kwako au kwa mwenzako.

Mama anasema haji. Nikamwuliza sababu.

"Mimi sina miguu ya kusimama pande mbili."

Akaendelea kuchambua choroko. Nimeondoka bila kula, na njaa ninayo.

Anajua kila kitu. Gereji ilikuwa yetu wawili. Mwaka juzi nilikwenda msibani Ukerewe kwa wakwe, kurudi nakuta ukuta mtupu mahali Kulwa alipokuwa akitundika spana na koti lake. Kang'oa mpaka misumari. Amehamia Nyakato, amepata kazi ya malori ya samaki. Hakusema neno. Angesema, ningemsaidia kubeba.

Jumatano, 12 Julai

Nimefumua tena, nimefunga ya kuvuta. Ya umeme nimeirudisha kwa Mzee Salumu, safi kama alivyotaka. Akaigeuza mkononi, akasema nduguyo kachukua kama hii hii.

Kulwa! Mkono unaojua kusubiri! Nilicheka mpaka nimefika Kirumba. Halafu nikakasirika. Labda amesahau choki, siku hizi anashinda kwenye malori ya dizeli, yasiyo na choki. Au labda naye ameogopa mkono wake. Sikuwahi kufikiri kwamba Kulwa anaogopa kitu.

Ijumaa, 14 Julai

Nafanya mazoezi kila asubuhi kabla ya chai. Mguu nimeukunja chini ya kiti ili usiione pedali. Navuta choki yote. Stata. Linashika. Narudisha kidogo, nasikiliza, narudisha tena. Veronika amesimama mlangoni anasema hajawahi kuniona nikisubiri kitu.

Limewaka jana. Limewaka leo. Bado sina raha.

Jumapili, 16 Julai

Nitaandika taratibu, mkono unauma.

Umande ulikuwa mwingi. Gari langu upande wa barabara, la Kulwa upande wa misufi ya zamani, uwanja mzima katikati. Watu walijaa, nusu kwake nusu kwangu. Mwenyekiti akapitisha kiganja kwenye boneti zetu, akaanza hotuba. Uchaguzi, barabara, nidhamu.

Nikasikia muziki. Kulwa kawasha kaseti ili awavute watu mapema. Kwenye gari lake kaseti hailii mpaka uwashe swichi yote. Nikajua papo hapo. Kila neno la mwenyekiti, choki yake inafunguka. Ningeweza kupiga kelele. Sikupiga. Nilifurahi, furaha mbaya.

Ishara ikatolewa. Nilivuta, nikasubiri, likawaka. Nikarudisha polepole, baba angeona. Likanguruma vizuri, na watu wakaanza kunijia. Wengi. Wakikimbia. Nimeyataka haya tangu makuli wale wacheke.

Ng'ambo stata ilikuwa inalia. Inazunguka, inazunguka, haishiki. Watu waliobaki kule wakaanza kuzomea. Kisha sauti ya stata ikaanza kuchoka, betri inakwisha, na ile sauti sikuiweza. Ilikuwa kama mtu anaita na hajibiwi.

Nimetoka. Gari langu nimeliacha linanguruma. Nimevuka uwanja.

Kulwa alinitazama kama ananidai jibu. Boneti ilikuwa wazi, kabureta haina hata chujio la hewa, midomo iko juu. Nikaweka kiganja juu ya midomo yote miwili. Hiyo ndiyo choki, ukikosa nyingine.

"Piga."

"Doto, utaungua."

"Piga."

Akapiga. Injini ikanivuta kiganja kwa nguvu, ikapiga chafya ya moto, nikakibandika tena. Ikashika.

Nilipogeuka, uwanja mzima ulikuwa nyuma yangu. Walinifuata kuona nakwenda kufanya nini, wote, hadi wauza karanga. Upande wangu gari lilikuwa linanguruma peke yake. Mwenyekiti akaangalia huku, akaangalia kule, akamtangaza Kulwa. Sheria ni sheria.

Mama alikuwemo humo katikati, na kitenge chake cha kanisani. Alikuwa amesimama kwa miguu yake miwili. Akanishika mkono, akaangalia kiganja, akasema twende nyumbani nipakwe dawa.

Jumanne, 18 Julai

Kiganja kimefungwa. Asubuhi sikuweza kushika kifundo cha choki.

Kulwa alikuja. Sikumwita. Aliingia garini, akavuta, akasubiri. Likawaka. Akarudisha choki kidogo kidogo huku akitazama dirishani. Alisema ningemwambia mapema kuhusu swichi. Nikasema na yeye angeniambia kuhusu Nyakato. Akasema, kweli.

Akafanya kazi hapa gereji hadi mchana. Alivua koti, akatafuta pa kulitundika, hakupata, akaliweka juu ya tairi.

Alipoondoka nimepigilia msumari ukutani kwa mkono wa kushoto. Umepinda, lakini koti litakaa.