Kwa Fundi, Aliyetulea Sote Watatu

Umetimia mwaka leo, Fundi, tangu ulipotoka nyumbani kwenda hospitali ukituagiza tusifunge duka, na hukurudi. Kalamu nimepewa mimi, binti yako mkubwa, kwa sababu ni karani wa vizazi na vifo na nyumbani wanaamini kila karatasi ni kazi yangu. Tunakukumbuka, na pia tuna kosa la kurekebisha. Tangazo la msiba wako niliandika mimi: "Ameacha mtoto mmoja, na wengine wawili aliowalea." Kitinda, mdogo wetu wa mwisho, hajanisamehe mpaka leo, na nadhani hata wewe ungeninunia.

Wengi walikujua kwa sare za shule. Duka lako lilikuwa na upana wa mlango mmoja na nusu: cherehani mbili, meza ya kukatia, pasi, na kioo kilichopasuka pembeni ambacho ulikataa kukibadilisha kwa madai kwamba hakijawahi kumdanganya mteja. Mtu akileta nguo kuukuu akasema shona kama hii, ulimrudishia. Ulimtaka mtoto mwenyewe. Ukishamsimamisha juu ya kigoda, uliuliza swali lako: "Huyu nani anamlea?"

Wengine waliliona ni umbea. Bwana mmoja mwenye tai alikujibu, "Mimi ndiye baba yake, inatosha." Ukamuuliza mtoto wake hubeba mkoba bega lipi. Bwana akababaika. Mtoto akadakia kutoka kigodani, "Bibi ndiye anajua!"

"Basi tuletee Bibi," ukasema, ukarudisha futi ya kupimia shingoni.

Kwako wewe, anayelea ndiye anayejua bega lipi limeshuka, goti lipi huchanika kwanza, na mtoto atarefuka kiasi gani kabla ya mwaka kwisha. Ndiyo maana mapindo yako yalikuwa mapana kuliko ya mafundi wote wa mtaa ule. Nasi tuliyashusha, muhula baada ya muhula, mpaka kitambaa kikaisha.

Neno lenyewe, kulea, hukupenda litumiwe ovyo. Nguo hutunzwa, ulisema, wageni huhudumiwa, mtoto hulelewa. Mama alipokuwa na mimba ya Kitinda ulianza kufunga duka saa kumi, na wenzako wakakucheka kwamba umekaliwa kichwani na mkeo. "Mimi nalea mimba," uliwajibu, "nyinyi endeleeni na karata zenu." Ukaenda nyumbani kuosha vyombo.

Nilikuwa na miaka tisa Mama alipoolewa nawe akatuleta kwako, mimi na mdogo wangu wa kiume. Sikukutaka, na sikuficha. Nilikuita Fundi kwa makusudi, nikidhani nakuumiza. Uliitika, "Naam, mteja!" na ukaendelea kuitika hivyo hata baada ya hasira kuniishia na jina kubaki.

Nilipofika miaka kumi na minne nilichukua mkasi wako, nikafupisha sketi ya shule na kujishonea pindo. Likaenda upogo. Shangazi, dada yako, alikuona umekunja uso, akakuvutia jikoni. "Kaka, huyo mtoto wa mwenzio. Wewe mpe chakula, mengine mwachie mama yake." Nilikuwa nyuma ya mlango, nasikia.

"Nikimlisha tu, nisimwambie kitu," ulimjibu, "nitakuwa namfuga."

Kisha ukaniita dukani, ukanikalisha kwenye cherehani, nikafumua na kushona pindo lile siku tatu nzima. Nililia. Nilikuita na majina mengine ambayo hapa hayaandikiki. Siku ya nne lilinyooka, ukalipitisha chini ya pasi, halafu ukaniletea kitambaa kipya nishone sketi nyingine kwa kipimo changu. Niliivaa mpaka ikapauka.

Tusikusifu mpaka tukasahau ubishi wako. Mama alikwambia zaidi ya mara moja kuhusu kile kikohozi ulichokataa kukitibu, "Unalea ugonjwa, wewe." Ukacheka, ukasema umezoea kulea. Hapo hatukucheka nawe, Fundi, na mpaka leo tuna hasira.

Sasa kosa langu. Nilipofaulu kuingia sekondari, fomu ilikuwa na mstari ulioandikwa "Mzazi/Mlezi, kata lisilohusika." Uliweka rula, ukakata "Mzazi", ukatia sahihi. Nilikuwa nimesimama pembeni yako. Liliniuma kuliko nilivyotegemea, maana kufikia siku hiyo nilishakuwa nataka uwe baba yangu. Nikanyamaza. Nikakua, nikaajiriwa, nikawa mimi ndiye wa kuwaambia watu wakate lisilohusika. Ulipofariki, niliandika tangazo lile kwa heshima kabisa, nisije nikajipachika mahali ambapo mwenyewe hukuniweka.

Kitinda, muuguzi wetu, mwanao wa kumzaa, alilisoma akanijia juu mbele ya waombolezaji. "Dada, wewe na Kaka mmelelewa. Haya. Na mimi je? Nilijilea mwenyewe?"

Nilimvuta chemba, nikamweleza habari ya fomu. Wiki iliyofuata alikuja ofisini kwangu na bahasha, akapanga foleni kama watu wengine, na zamu yake ilipofika akaweka mbele yangu nakala ya fomu yake ya shule. "Mzazi" limekatwa kwa rula. Sahihi ni yako.

Nilimfuata Mama uani, alikuwa anaanika shuka. "Hata mimi nilimuuliza," akasema, akitoa kibanio mdomoni. "Akaniambia kuzaa nilizaa mimi, kwa hiyo jina hilo ni langu, yeye asiibe kazi ya mtu. Ya kwake ni hiyo nyingine. Nyote watatu aliwajazia hivyo hivyo." Akanitazama. "Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

Miaka yote ile nilikula kwako, nikacheka na wewe, nikakuletea wajukuu uwapime juu ya kigoda, na ndani nilibeba kinyongo ambacho swali moja tu lingekimaliza. Wewe uliyewauliza watu wazima maswali mchana kutwa ungenijibu bila hata kusimamisha cherehani. Nisamehe. Nilidhani umenipa cheo kidogo, kumbe ndicho pekee ulichokuwa nacho, na ulikigawa sawa. Leo naandika upya, na Kitinda amesimama nyuma ya kiti changu anakagua kila neno.

Wanaokukumbuka ni mkeo, anayefungua duka kila asubuhi ingawa hashoni. Dada yako, ambaye sasa anaapa hajawahi kusema maneno yale ya jikoni. Wajukuu wako wanne. Na mafundi wenzako wa mtaani. Pamoja nao ni watoto wako, kwa umri wao: karani, fundi umeme na muuguzi. Wote watatu wa kulea.

Hatutapata siku ya kukusahau.