Tab Imemalizia Jina Silo

Nyevu, uko kwenye kompyuta? Nijibu. Nimekwisha, wallahi.

Ile amri niliyojitungia ya kufuta faili, leo nimeifundisha nikibonyeza kitufe cha Tab inimalizie jina la faili. Nikaandika "ma", nikabonyeza Tab, nikabonyeza Enter bila kusoma. Nilitaka ifute "majaribio". Ikafuta "maneno"!

Maneno yote, Nyevu! Kidigo chote alichonisimulia yule bibi mzee, Bi Mwanatabu, nikakiandika neno kwa neno tangu mwaka jana. Nakala sina!

Na mwenyewe yuko hapa, kaja kutoka Timbwani tuendelee. Nimemwambia. Hakunikaripia. Kavuta kiti, kasema, "Basi tuanze upya, mwanangu."

Nikaweka vidole tayari. Kisha akaniuliza, "Tulianza na neno gani vile?"

Nyevu, hata mimi silikumbuki.