Picha ya Mgonjwa Wako

Kaka mpendwa,

Hatujambo huku. Mama anasumbuliwa na mguu tu, na mimi nimechoka.

Leo jarida letu limetangaza kuwa makala yako imebatilishwa. Katika kikao cha wahariri kilichoamua hivyo sikukaa, kwa kuwa wewe ni ndugu yangu. Lakini yule mgonjwa uliyempiga picha akiwa kifua wazi, uso ukionekana, ukaitia kwenye makala hiyo bila ruhusa yake, alikuja ofisini, nikampokea mimi.

“Picha yangu mmeifuta?” akauliza.

Nikamwambia kwetu tumeitoa, ila walioinakili hatuwezi kuwafikia.

“Shuleni kwa mwanangu wanatumiana kwenye simu,” akasema.

Nikamwomba radhi kwa niaba yako.

“Si wewe uliyenivua nguo, dada,” akanijibu, akaondoka.

Uliniandikia nikutetee. Sina la kukutetea, kaka. Nenda kwake mwenyewe.

Ni mimi dada yako, nikupendaye bado.